Nani Kamtupia Mwenzake?

Kiswahili chetu kina neno moja ambalo wanasaikolojia wa Ulaya wangelijua mapema, wasingehangaika kutunga lao. Neno lenyewe ni kutupia. Mtu akiugua ugonjwa usioeleweka, jirani wananong'ona: huyu katupiwa. Katupiwa jini, katupiwa kitu. Maana yake ni kwamba palikuwa na ubaya ndani ya mtu fulani, akaurusha, ukatua kwa mwenzake aliyekuwa amelala zake.

Wanasaikolojia nao wana habari hiyo hiyo, ila wameigeuza. Wanasema kuna ubaya ndani ya mtu (wivu, tamaa, chuki, hatia) ambao hawezi kukubali kwamba ni wake. Anaurusha bila mwenyewe kujua, kisha anauona umekaa kwa jirani na kuanza kupiga kelele. Wao wanaita projeksheni. Katika lugha ya kijiweni tungesema hivi: anayepiga yowe kwamba katupiwa, mara nyingi ndiye aliyetupa.

Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna, aliandika kuhusu jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1913, Totem und Tabu. Alijiuliza kwa nini watu wa mataifa mengi wanaogopa mizimu ya ndugu zao wenyewe, watu waliowapenda na kuwalilia. Jibu lake lilikuwa kali. Ndani ya mapenzi hayo, alisema, kulikuwa pia na chinichini ya uadui. Ndugu akifa, aliyebaki hawezi kujikiri kwamba kuna siku alimchukia marehemu. Basi chuki ile inahamishiwa kwa marehemu mwenyewe, naye anageuka kuwa mzimu mkali unaotaka kulipiza kisasi. Mimi simwamini Freud kwa kila kitu, maana alikuwa na mazoea ya kuwasema watu wa mbali ambao hakuwahi kula nao ugali. Lakini hapo aligusa kitu. Na kama kuna sehemu ya nchi yetu ambayo historia yake inaweza kumpa shahidi, sehemu hiyo ni Usukumani: Shinyanga, Kahama, Geita, hadi huku Mwakitolyo kwenye maduara ya dhahabu.

Tuanze na bibi mwenye macho mekundu.

Kila mtu Tanzania amesikia habari zake. Vikongwe wa Kanda ya Ziwa wanakatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho mekundu ni alama ya mchawi. Halafu anakuja mtaalamu kwenye semina anaeleza: jamani, ni moshi. Bibi huyu amepikia mavi ya ng'ombe makavu na miti ya pamba kwa miaka hamsini, maana kuni hakuna. Na kuni hazikuwepo kwa sababu zinazojulikana. Wakoloni walifyeka mapori ya Shinyanga ili kumuua mbung'o, pamba ikameza mashamba, ng'ombe wakazidi, na kufikia miaka ya 1980 mkoa ulikuwa umekaribia kuwa jangwa. Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, watu wakarudia ngitili zao za zamani, na miti ikaanza kurudi.

Maelezo hayo ya moshi ni ya kweli, lakini hayatoshi. Hebu fikiri, ndugu msomaji. Wanawake wote wa kijiji wanapikia moshi ule ule. Kama macho mekundu ndiyo kesi, kijiji kizima kingekuwa kizimbani, pamoja na walevi wa gongo. Kwa nini anachaguliwa huyu mmoja? Ukifuatilia, mara nyingi utakuta ni mjane. Ana shamba. Ana watoto wa kike walioolewa mbali, au hana mtoto kabisa. Ana mtoto wa shemeji anayesubiri urithi. Au ni bibi anayekuja kuomba chumvi kila jioni, na siku moja akanyimwa. Mimi naona macho yanatazamwa mwishoni, hukumu ikiwa imeshapitishwa.

Hapo kwenye chumvi ndipo pananivutia zaidi. Mwaka 1970 mwanahistoria mmoja Mwingereza, Alan Macfarlane, alitoa kitabu kuhusu kesi za uchawi katika jimbo la Essex, huko kwao Uingereza, karne ya 16 na ya 17. Alipekua majalada ya mahakama akaona mtindo unaojirudia. Kikongwe maskini anakuja kuomba maziwa, au hamira, au kazi kidogo. Mwenye nyumba anamnyima, naye anaondoka akinung'unika. Baada ya siku chache mtoto wa yule aliyenyima anaugua, au ng'ombe anakufa. Basi kelele: mchawi! Sasa angalia nani anashitaki. Kwa akili ya kawaida, mwenye haki ya kulalamika ni aliyenyimwa. Lakini katika majalada yale anayekwenda mahakamani ni aliyenyima. Moyo wake unamsuta, kwani tangu utoto amefundishwa kwamba jirani hanyimwi. Hatia ile hawezi kukaa nayo, basi anaigeuza: si mimi niliyemtendea ubaya, ni yeye aliyenitendea.

Essex na Shinyanga ziko mbali, na wakati nao umepita. Lakini nani kati yetu hajawahi kumchukia mtu kwa sababu tu alimdhulumu?

Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitumia miaka mingi kuchunguza mauaji haya ya Usukumani. Takwimu za serikali alizozifanyia kazi zinahusu mwaka 1970 hadi 1984: zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na karibu theluthi mbili ya vifo vilitokea Usukumani. Jiulize ni kwa nini miaka hiyo, maana uchawi ulikuwepo toka enzi za mababu. Watafiti wanataja mambo mawili. Kwanza, watemi waliondolewa baada ya uhuru, mwaka 1963. Zamani tuhuma ya uchawi ilifikishwa kwa mtemi, ikasikilizwa, na mtuhumiwa aliweza kuhamishwa akaishi kwingine. Serikali mpya, kama ile ya kikoloni, ilikuwa na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo ipo hadi leo, inayokataza hata kumtaja mtu kwamba ni mchawi. Mlalamikaji akifika polisi anaambiwa hakuna kesi. Pili, vijiji. Operesheni ya katikati ya miaka ya 1970 iliwatoa watu kwenye miji yao iliyotawanyika, kila mmoja na ng'ombe wake na upepo wake, ikawapanga mstari mmoja kandokando ya barabara. Ghafla unaona jirani anapika nini, mtoto wake amevaa nini, na yeye anakuona. Ukitaka kumlea wivu, mpe makazi ya namna hiyo.

Na wivu, tofauti na hasira, ni kitu ambacho hakuna anayekikubali. Utamsikia mtu akisema, "Mimi nina hasira sana." Hujawahi kumsikia akisema, "Mimi nina wivu sana." Atasema, "Watu wananionea wivu."

Sasa hapo kati anaingia mganga na ramli yake. Siwatukani waganga wote, wapo wenye dawa za tumbo zinazotibu. Nazungumzia ile ambayo magazeti yetu yanaiita ramli chonganishi. Mganga mjanja wa kazi hii hataji jina, na ukimwuliza atakwambia ni hatari. Anatazama maji, au kioo, au kuku aliyepasuliwa, anasema: naona mtu wa karibu. Mwanamke. Mtu mzima. Anaishi upande jua linakozama. Anacheka na wewe. Nani anayemalizia sentensi hiyo? Mteja. Yeye ndiye anayejua ni nani upande wa machweo ambaye alimnyima chumvi, au ambaye shamba lake analitamani. Anatoka pale akisema mganga kanionyesha, na kweli kaonyeshwa kioo.

Kisha wanakodiwa vijana wenye mapanga, na wao hawana hata hizo hisia, wana bei tu.

Nimefika kwenye sura ya historia hii ambayo vijana wengi wa rika langu wanaijua nusu. Nusu wanayoijua ni kwamba Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977. Kila kunapotokea kashfa, magazeti yanaikumbuka: angalieni mfano wa Mzee Mwinyi, alijiuzulu kwa makosa yaliyofanywa na watu wa chini yake. Lakini makosa gani? Hapo wengi wanaguna.

Ni haya haya ya vikongwe. Mwaka 1976, kutokana na mauaji kuzidi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, serikali iliendesha operesheni. Polisi na maofisa wa usalama walikamata watu kwa mamia: waliodhaniwa wauaji, waliodhaniwa kuwakodi wauaji, waganga, na waliotajwa na wenzao. Shabaha ilikuwa njema, kuwalinda wanyonge wasiuawe kwa tuhuma tupu. Lakini huko mahabusu waliokamatwa waliteswa ili wakiri, na baadhi yao walikufa mikononi mwa dola.

Soma tena polepole. Serikali ilikwenda Shinyanga kuwazuia watu wanaowaua wenzao kwa tuhuma bila ushahidi. Ilipofika, iliwatuhumu watu bila ushahidi, na wakafa. Kile ilichokuwa inakiita ushenzi wa wanakijiji kilikuwa kimepanda Landrover nayo kutoka mjini. Ofisa anayemning'iniza mtu ili ataje majina na mganga anayemzungusha mteja ili ataje jina wanafanya kazi moja, tofauti ni sare. Wote wanaamini ubaya uko kwa yule aliye mbele yao, na kwa hiyo lolote wanalomfanyia linakuwa dawa.

Habari zilipovuja na uchunguzi ukafanyika, Januari 1977 walijiuzulu Mwinyi, waziri mwenzake mmoja, na wakuu wa mikoa yote miwili, Mwanza na Shinyanga. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani baadaye na kufungwa. Mwinyi hakuwa amempiga mtu hata kofi. Angeweza kabisa kusema ni maofisa wakorofi wa mikoani, au ni adui wa taifa anayeichafua serikali. Maneno kama hayo yalikuwa yanauzwa rahisi mwaka 1977. Hakuyasema, akaubeba mzigo wa wizara yake. Mwalimu Nyerere alikubali barua yake, akampeleka Misri kuwa balozi, na miaka minane baadaye, mwaka 1985, mtu huyo huyo akaingia Ikulu. Habari yake ameieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, Mzee Rukhsa, kilichotoka mwaka 2021, miaka mitatu kabla hajafariki Februari 2024.

Huo ndio upande wa pili wa kutupia: mtu anachukua hata kisichotoka mkononi mwake, anasema hiki ni cha nyumba yangu. Ni tukio adimu katika siasa za popote. Ila kuna jambo linaniudhi katika namna tunavyolikumbuka. Tunamkumbuka waziri, hatuwakumbuki marehemu wa mahabusu. Muulize mtu yeyote akutajie jina la mmoja tu aliyekufa. Na wale vikongwe ambao operesheni ilianza kwa ajili yao? Takwimu zile za zaidi ya 3,600 zinaishia mwaka 1984. Yaani waziri alijiuzulu na mapanga yakaendelea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa mpaka wa Kahama na Nzega, wananchi wenyewe walichoka na wizi wa ng'ombe. Ni miaka ya baada ya vita vya Kagera, silaha zilikuwa zimezagaa. Wakaunda sungusungu, kwa mishale, filimbi na kiapo. Wezi walikimbia kweli, na serikali iliwakumbatia hadi ikawatambua kisheria mwaka 1989. Lakini baadhi ya vikundi, baada ya kumaliza wezi, viligeukia wachawi. Vikongwe walikutana tena na kundi lenye haki upande wake.

Watu wa Kenya wana hadithi yao ya namna hii, na humo anayetupa ni mkoloni. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilichapisha taarifa ya daktari J. C. Carothers, aliyewahi kuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Kwa ufupi, tatizo lilitafutwa ndani ya kichwa cha Mkikuyu, ambaye eti alichanganywa na mabadiliko. Ardhi iliyochukuliwa haikuwa na uzito uliostahili. Mau Mau waliitwa wakatili waliokunywa damu. Sasa hesabu: walowezi wa kizungu waliouawa vita nzima ni 32, na serikali ya kikoloni ilinyonga watu zaidi ya 1,000. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, askari waliwapiga wafungwa hadi 11 wakafa, na taarifa ya kwanza ya serikali ikasema walikufa baada ya kunywa maji. Nani hapo alikuwa na kiu ya damu?

Lakini kuna kutupia kwingine ambako si kwa moyo uliojificha, ni kwa makusudi, na ni lazima tukutenganishe. Huko Butare, Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, watafiti walipata karatasi ya mafunzo ya propaganda. Alison Des Forges aliieleza katika kitabu kikubwa cha mwaka 1999. Karatasi ile ilifundisha mbinu inayoitwa shutuma ya kwenye kioo: mshutumu adui kwa lile hasa unalopanga kumfanyia. Sema wanataka kutumaliza, ili ukiwamaliza ionekane umejitetea. Redio RTLM iliyaimba hayo hadi watu wakaamini. Mwisho wa Aprili 1994, katika muda wa kama siku moja hivi, watu karibu robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, mkoa wetu wa Kagera, na kati yao waliochanganyika ni waliokuwa wakikimbia na waliokuwa wamekimbiza. Kilichofanya mbinu ile ifanye kazi ni kwamba aliyeiandika alijua anadanganya, ila aliyeisikiliza hakujua. Mwandishi alihitaji hofu iliyokwisha kuwemo ndani ya wasikilizaji. Mganga na mteja tena.

Sasa turudi nyumbani, kwenye dhahabu.

Mwakitolyo iko Shinyanga Vijijini, na machimbo yake, hasa yale ya Namba Tano, yanajulikana kwa kila mchimbaji mdogo wa Kanda ya Ziwa. Maisha ya duara yana sheria moja ngumu kuliko mwamba: hakuna haki. Unachimba mita 40 kwa nyundo na moko, unanunua matimba ya kuzuia kifusi, unalipia pampu ya maji na chakula cha vijana, miezi sita, unapeleka mifuko yako karasha, halafu mwalo, halafu zebaki, na mwisho unapata kitu cha kujaza ukucha. Hatua 10 kutoka kwako jamaa aliyeanza juzi kapiga mkanda wa dhahabu na kanunua Fuso. Mna bidii ile ile, udongo ule ule. Sasa mwambie huyo aliyekosa kwamba mshipa wa dhahabu ndani ya mwamba haupiti kwa kufuata jasho la mtu. Atakusikiliza kwa heshima, halafu jioni atapanda bodaboda kwenda kwa mganga.

Na hapa tumetoka kwenye vikongwe tukaingia kwenye jinai nyingine. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 hivi, nchi ilianza kusikia mauaji ya watu wenye ualbino, mengi yakiwa huku huku: Mwanza, Shinyanga, Geita, Kagera. Deborah Bryceson na wenzake, katika utafiti walioutoa mwaka 2010, waliyahusisha na machimbo na waganga waliokuwa wakiuza hirizi za bahati kwa wachimbaji. Kikongwe aliuawa kwa kuwa eti amebeba ubaya wetu. Mwenye ualbino aliuawa kwa kuwa eti amebeba bahati yetu. Kote mtu mzima, mwenye jina na mama yake, amefutwa akageuzwa chombo cha kuwekea yaliyomo ndani ya mwingine.

Serikali iliitikiaje? Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, mwanamke mwenye ualbino, na hilo nalipa alama zote. Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi, akalia bungeni. Kisha Machi 2009 ikaja kura ya maoni ya siri. Wananchi waliitwa waandike kwenye karatasi, bila kutaja jina lao, wanaowashuku kwa mauaji ya albino.

Naielewa hofu iliyowasukuma, maana watu waliogopa kutoa ushahidi hadharani. Lakini hebu itazame kura ile kwa jicho la historia tuliyoisimulia. Mwanakijiji anapewa karatasi, anaambiwa: fikiri, nani mbaya hapa kwenu? Hakuna atakayejua ni wewe. Hiyo ni ramli yenye muhuri wa serikali. Tangu mwaka 1928 sheria inakataza kumnyooshea mtu kidole cha uchawi, halafu dola hiyo hiyo inaleta sanduku la kutupia vidole.

Mwaka 2015 waganga walipigwa marufuku tena na zaidi ya 200 wakakamatwa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na minong'ono ya mitaani haikuhusu waganga peke yao. Watu waliuliza: viungo hivi vinavyosemekana kuuzwa kwa mamilioni, nani hapa kwetu ana mamilioni? Mchimbaji wa kawaida hana hata nauli. Kizimbani walipanda vijana wenye mapanga, wakapanda na waganga. Mnunuzi mwenyewe ni nadra kusikia kapandishwa. Mganga ni mtu mzuri sana wa kutupiwa, kwa sababu ni kweli ana hatia. Hilo ndilo linalowachanganya wengi. Kutupia hakuhitaji mtu asiye na kosa hata kidogo. Kunapenda zaidi mwenye kosa dogo, ili la kwetu kubwa lijifiche nyuma yake.

Na nyumbani je? Wachimbaji wana imani nyingi kuhusu wanawake: mwanamke akikaribia duara dhahabu inatoroka, na kwingine utaambiwa duara halitoi kwa sababu mkeo huko nyumbani hajatulia. Tafakari hesabu ya imani hii. Mwanamume yuko machimboni miezi mitatu. Kambi ina baa, ina gesti za turubai, ina wasichana waliofuata hela kama yeye alivyozifuata. Yanayofanyika huko kila mtu anayajua. Kisha duara linagoma, na kinachotiliwa shaka ni kitanda kilicho kilomita 100 kutoka hapo, anakolala mwanamke mmoja na watoto wanne. Anarudi mikono mitupu na maswali mengi. Simu hii ni ya nani? Mbona umenawiri? Nani alikuwa anakulisha? Ukimsikiliza vizuri utagundua anauliza maswali ambayo yeye mwenyewe anapaswa kuyajibu, na anayajua yote kwa undani kwa sababu majibu anayo.

Nasi vijana wa mjini tusicheke. Msichana anayepekua simu ya mpenzi wake usiku kucha huku yake ikiwa na namba ya siri, mshikaji anayeapa kwamba marafiki zake wote wanafiki, hao hawajawahi kufika Mwakitolyo.

Nasikia msomaji mmoja akiuliza: kwa hiyo kila anayelalamika katupa? Mwenye kuibiwa akisema kaibiwa, naye ni mwizi? La hasha. Hii ni hatari ya fundisho lenyewe, na wapo wajanja walioigeuza ngao: mwanamume aliyefumaniwa anamwambia mkewe, "Unaniwazia mabaya kwa sababu wewe ndiye mbaya." Wapo wanasiasa wanaoulizwa fedha ziko wapi, wakajibu kwamba anayeuliza ndiye mlafi. Kwa hiyo ushahidi lazima utafutwe, na uanzie kwenye tendo, macho ya mtu yaachwe. Wahujumu uchumi waliokamatwa mwaka 1983 katika kampeni ya Sokoine, wengine walikutwa kweli na magunia ya sukari chini ya vitanda. Lakini magunia yale hayakuwa yameleta vita vya Kagera, wala bei ya mafuta, wala mashirika ya umma yaliyokuwa yakienda kwa hasara. Magunia yalionyeshwa gazetini, hasara haikupigwa picha.

Kwa wenzangu tunaohangaika na miswada ya riwaya nina ombi moja. Tazameni mchawi aliyemo kwenye hadithi zetu. Anaingia sura ya tatu, ana kibiongo, anacheka usiku, anakufa sura ya mwisho. Hana shamba, hana mtoto wa shemeji, hajawahi kuomba chumvi. Tumemwandika kama mganga anavyomtaja kwenye ramli, kwa alama tu, halafu tunamwachia msomaji amalizie jina.

Julai 2017, wilaya ya Nzega, upande ule ule sungusungu walikoanzia, wanawake watano walipigwa na kundi la watu waliowatuhumu uchawi, kisha miili yao ikachomwa moto. Miti ilikuwa imesharudi sehemu nyingi za Shinyanga na Tabora kufikia mwaka huo. Kuni zilikuwepo.